Udi Ndani ya Kofia ya Askari wa Farasi

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu kwenye jarida la chama chetu, na mie nawajua nyinyi. Kwanza mlimtaka yule kijana wa benki, akasema ana mikutano. Mkamwendea yule mama muuguzi, mkamkuta yuko zamu. Ndipo mkamkumbuka Mzee Haji, mstaafu, asiye na udhuru. Haya. Wale wa Nairobi na wa Bukavu mkikutana na neno la Kiunguja msilolijua, lirukeni tu, halitawauma. Na nyinyi mliozaliwa hapahapa Birmingham, mnaoulizwa kwa Kiswahili mkajibu kwa Kiingereza, mkishindwa kusoma mpeni mama awasomee. Atafurahi kuona mmekaa kitako.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza kofia za askari. Si askari wa leo. Nasema zile kofia za ngozi nyeusi, ndefu, zenye bamba la shaba usoni na singa za farasi utosini, walizovaa watu waliokufa kabla babu wa babu yangu hajaota ndevu. Zikiharibika, wenye kuzikusanya walizileta karakanani kwetu Aston. Tukazishona, tukazinyoosha, tukazipamba, zikarudi kwenye makabati ya vioo. Hakuna aliyezivaa tena. Katika miaka yote ile sikupata hata mteja mmoja wa kuniambia kofia inambana.

Kila mtu huniuliza kama ngozi ile ilizuia risasi. Haikuzuia risasi. Haikuzuia hata mvua sawasawa, maana ikilowa iliongeza uzito mpaka shingo ikauma. Kazi yake kubwa ilikuwa kumfanya mtu mfupi aonekane mrefu, ili adui amwone vizuri zaidi. Msiniulize nani aliyebuni hayo. Sina shaka alipandishwa cheo.

Fundi aliyenifunza aliitwa Frank, mwenyeji wa Aston, mwembamba, mwenye maneno machache, na nusu ya machache hayo yalikuwa ya kuilalamikia timu yake ya mpira. Nilimwendea kuomba kazi wakati wa baridi kali, nimevaa koti la kuazima, soksi za sufu, na makubadhi ya ngozi niliyoyashona mwenyewe Unguja, kwa sababu viatu vya mtumba nilivyopewa vilikuwa vidogo. Nikajieleza kwa Kiingereza nilichokikariri kwenye basi. Frank hakunisikiliza. Alikuwa anaitazama miguu yangu, nikadhani ananicheka. Akasema, "Vua kiatu kimoja." Nikavua. Akakigeuza, akakipinda, akapitisha ukucha kwenye mshono, kisha akauliza, "Sindano moja au mbili?" Nikamwambia mbili, zinapishana kwenye tundu lilelile, kila moja na upande wake. Akanirudishia kubadhi langu, akasema nije Jumatatu, na nije na viatu.

Hivyo ndivyo nilivyosailiwa. Nyinyi leo mnaandika kurasa nzima kujisifu, halafu mnajibiwa na mashine.

Sasa niwaambie kofia inavyojengwa, maana mkiondoka bila hilo mtakuwa mmesoma porojo za mzee tu. Ngozi ni ya ng'ombe, iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Unairoweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka iache kutoa mapovu. Unaivuta juu ya kalibu la mbao, ambalo ni kichwa kisicho na uso, unaikaza kwa kamba, halafu unaisugua kwa mfupa laini ili mikunjo yote iteremke chini, kule itakakokatwa. Kisha unaiacha. Hapo ndipo vijana wote wanaposhindwa, kwa sababu kuacha ni kazi ngumu kuliko kusugua. Ukiisogeza karibu na hita ili uwahi nyumbani, ngozi hunywea na hairudi tena. Frank alikuwa nayo moja ya namna hiyo juu ya rafu, aliyoikausha kwa pupa enzi za ujana wake. Ilianza ikiwa kofia ya ofisa, ikaishia kumtosha paka. Alikuwa akiwekea misumari ndani yake.

Ikikauka, unapaka weusi: mafuta ya kitani yaliyochemshwa na kuchanganywa na masizi. Unapaka tabaka jembamba, unasubiri, unasugua kwa jiwe jepesi, unapaka tena, mpaka uuone uso wako na uamue kutoutazama. Bamba la shaba halipigwi msumari wala halibandikwi kwa gundi. Lina vitanzi nyuma. Unavipenyeza kwenye matundu ya ngozi, unapitisha ukanda mdogo kwa ndani, basi, limeshika. Atakayetaka kulitoa baada yetu atalitoa bila kuumiza kitu.

Frank alikuwa mkali sana katika jambo moja. Kofia ikishapita mikononi mwetu, alisema, isije ikasema uongo. Palipotobolewa na panya pajulikane palitobolewa na panya, na kiraka ukikikaribia ukione ni kiraka. "Sisi hatuifanyi iwe mpya," alikuwa akisema. "Tunaisaidia izeeke vizuri."

Somo hilo nililipata mapema. Wiki yangu ya mwanzo alinipa bamba lililofifia, akaniambia nilisafishe, akatoka. Sasa mtoto wa Unguja ukimpa shaba na kumwambia asafishe, unategemea nini? Nikanunua ndimu, nikanunua ukwaju, nikatafuta jivu, nikalisugua bamba lile kama mama alivyokuwa akisugua mabirika ya kahawa kuamkia Idi. Likang'ara chumba kizima. Frank aliporudi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kumbe halikuwa shaba tupu. Lilikuwa limepakwa dhahabu, nyembamba mno, na dhahabu yote nimeiteremsha kwenye sinki. Hakunigombeza. Alinitengenezea chai, jambo ambalo kwa Mwingereza ni baya zaidi. Halafu akasema, "Huyu askari alikwenda vitani akarudi na dhahabu yake. Amekuja kuporwa kwangu."

Hayo yote nayasema ili niifikie kofia moja.

Aliyeileta tulimwita Kanali. Hakuwahi kuwa askari, alikuwa muuza vigae vya bafuni, ila alitembea kikanali. Aliinunua mnadani, kofia ya askari wa farasi iliyokaa darini miaka na miaka: ngozi imepinda, mshono wa nyuma umefumuka, singa zimeliwa na nondo, na bitana ya ndani inanuka panya na jasho. Nyumbani kwake alikuwa na nyingine tele. Akasema akiridhika na hii, zote zitakuja kwetu. Na sisi tulikuwa tunaihitaji kazi ile, kwa sababu mwenye jengo alishaanza kuja na watu wenye tepu za kupimia, na Frank alishaanza kuniambia nitazame-tazame kazi pengine.

Kofia ilipokaribia kwisha, paa la karakana likaanza kuvuja. Frank akaniambia niichukue nyumbani, rangi ikamalizie kukauka mahali pakavu pasipo vumbi. Nikapanda nayo basi la Erdington, tulikokaa, nimeipakata ndani ya boksi. Mama mmoja akaniuliza kama ni keki. Nikamwambia ndiyo, maana safari ilikuwa fupi na maelezo marefu. Nikaiweka juu ya kabati, chumbani kwetu.

Mke wangu Rukia aliivumilia kidogo. "Haji," akaniambia, "mie siwezi kulala chumba kimoja na jasho la mwanamume nisiyemjua."

Nikamwambia mwenyewe keshakufa.

"Ndiyo vibaya zaidi. Na Ijumaa wageni wanakuja."

Nikamsihi asiiguse. Akasema hataigusa, na kwa neno lake hakuigusa. Ijumaa asubuhi aliishika kwa taulo, akaiinamisha juu ya chetezo pamoja na kanzu zangu, akaifukiza.

Lazima niwaeleze udi wa Rukia. Haukuwa udi wa paketi. Alikuwa akiupika mwenyewe jikoni kwetu: sukari, mawardi, vipande vya udi alivyoletewa kutoka nyumbani, na vitu vingine alivyovitia akinipa mgongo. Akiupika, jirani zetu Waingereza walifungua madirisha, wala si kwa kuukimbia. Binti yetu alimwomba amfunze. Akamwambia, "Ukiolewa." Alipoolewa akamwambia, "Ukizaa."

Niliporudi kutoka kazini nikaikuta kofia mahali pake, imetulia, inanukia. "Nimekusaidia," akasema Rukia. Ugomvi nikauahirisha. Wageni walikuwa sebuleni.

Nikaipeleka Aston roho juu. Frank akaitazama kwa nje, akaridhika, weusi haukudhurika. Akaingiza pua. "Haji," akasema, "inanukia harusi ya binti yako." Harusini alikuwepo, alikula biriani mpaka akalegeza mkanda, kwa hiyo alijua anachokisema. Tukaianika dirishani. Tukaitia mkaa, tukaitia magadi. Panya akatoka, jasho likatoka, udi ukabaki. Bitana ya ngozi ya kondoo ikishakunywa harufu haiiachii.

Kanali akaja kuichukua. Akaizungusha, akausifu mshono, akazisifu singa mpya, kisha akaileta puani. Akafumba macho.

"Mashariki," akasema.

Nikamtazama Frank. Kanali akaendelea. Siku zote, akasema, moyo wake ulimwambia mwenye kofia hii alipigana Mashariki, akalala kwenye mahema ya masultani, na sasa ushahidi ndio huu. Machozi yalimlengalenga. Mie nikainama, nikawa natafuta chini sindano ambayo haikupotea.

Pale mambo yote yalikuwa kwa Frank. Angenyamaza tu, kazi ingekuja na karakana ingebaki. Akajifuta mikono kwa aproni, akasema, "Hapana, bwana. Hiyo ni Erdington. Mke wa Haji aliifukiza." Akamweleza kila kitu, mpaka habari za wageni. Kanali akamsikiliza hadi mwisho, akacheka, akampiga begani. "Nyinyi mafundi mna siri zenu," akasema. "Mnaogopa nitaijua thamani yake." Frank akarudia, pole pole, kama anamweleza mgonjwa. Kanali ndiyo kwanza akazidi kutupenda. Watu wanaokataa sifa kiasi hiki, akasema, hao ndio wa kuwaamini na kofia zake. Zote zikaja kwetu, tena mwezi uleule.

Frank alipofunga mlango akasema, "Nimemwambia," akaenda kutia maji kwenye birika.

Rukia nilipomsimulia alinuna. "Yaani udi wangu wanampa sultani?" akasema. "Sultani gani huyo aliyeupika?" Kanali alikuwa ameandika hata kadi, ameiweka kabatini kwake mbele ya kofia, kwamba harufu iliyomo ni kumbukumbu ya kampeni ya Mashariki. Rukia hakuisahau ile kadi. Akiudhika na jambo lolote, hata bei ya nyanya, alimalizia na kadi ya Kanali.

Miaka ikaenda. Frank alifariki, karakana nikaishika mie mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, na jengo sasa ni vyumba vya wanafunzi. Kanali naye alifariki, watoto wake wakazitoa kofia zake kwa makumbusho, bila kuzinusa.

Kisha akafariki Rukia. Hapo sina mzaha. Niliumia, na naumia mpaka leo. Binti yetu alijaribu kuupika udi wa mama yake, akaunguza masufuria. Keshaolewa, keshazaa, lakini mama yake alikuwa ameongeza sharti la mwisho, "Nikizeeka," na hakukubali hata siku moja kwamba amezeeka. Kopo lake tulilikuta tupu. Nguo zake tulizitoa sadaka upesi, kama inavyotakiwa, kabla sijajua kwamba nitakuja kuutamani japo mtandio mmoja wenye harufu yake. Nyumba sasa inanukia sabuni ya dukani.

Baridi iliyopita nikapigiwa simu na binti anayeitwa Njeri, mfanyakazi wa makumbusho yale. Wazazi wake ni Wakenya, yeye kazaliwa hapa. "Shikamoo, uncle," akasema. "Kiswahili naelewa, kuongea ndio shida." Kisha akaongea vizuri tu. Wanatengeneza maonyesho mapya, na ndani ya kofia moja wameiona alama ya karakana yetu. Je, naweza kuja kuwaeleza tulifanya nini?

Nikaenda. Kofia ilikuwa mezani, na kadi ya Kanali pembeni yake. Nikamwonyesha Njeri mshono wetu, kiraka chetu, singa tulizobadilisha. Akaandika. Halafu akanieleza shida yao. Bitana imeingia wadudu. Wakubwa wake wanataka kuisafisha yote kwa dawa, na dawa hiyo itaondoka na harufu. Kama harufu ni ya askari mwenyewe, ni historia, hawataigusa, watatafuta njia nyingine. Kama iliingia baadaye, ni uchafu.

"Sasa uncle, ni ukweli?" akauliza. "Ilienda huko East?"

Nikamwomba kwanza niishike. Akanipa glavu. Nikaiinua, nikauingiza uso wangu wote. Kwa mbali sana, nyuma ya vumbi, alikuwemo. Rukia na Ijumaa yake, na kanzu zangu zilizopigwa pasi, na sauti yake kutoka jikoni ananiuliza wageni nimewaambia saa ngapi. Nikalia, na sioni haya kuwaambia. Njeri akadhani ni vumbi limeniingia machoni, akaniletea karatasi laini.

Hebu nyinyi niambieni mngefanyaje. Neno dogo tu, "ndiyo", na Rukia angebaki mle ndani. Kanali angefurahi huko aliko, na hakuna kiumbe angejua. Frank keshakufa, lakini Frank ni mtu wa kero, keshakufa na bado anakaa kwenye kiti chake anakutazama juu ya miwani. Kofia isiseme uongo. Nilifungua mdomo kwa nia ya kusema ndiyo. Nataka mjue hivyo, msije mkadhani mzee wenu ni malaika.

"Haikwenda kokote," nikasema. "Ilikwenda Erdington, kwa basi."

Nikamsimulia yote. Kwenye taulo Njeri alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Nilipofika kwenye kopo tupu akaacha kucheka. Akaniuliza jina la mke wangu linaandikwaje. Nikamtajia herufi kwa herufi, kisha nikamwomba jambo moja: siku ya kuisafisha, waniite kwanza, niinuse mara ya mwisho. Akasema atajitahidi. Nikarudi nyumbani najilaumu njia nzima, na nikamlaumu Frank zaidi.

Simu ilipokuja nilivaa kanzu, nikamchukua binti yangu, tukaenda kumuaga mama yake. Tulipofika, kofia ilikuwa tayari ndani ya kabati la kioo, imefungwa.

"Mmesafisha bila kuniita," nikamwambia Njeri.

"Hatujasafisha, uncle. Wadudu tumewaua kwa baridi, kwa freezer. Harufu tumeiacha."

"Si mlisema ni uchafu?"

"Waliita uchafu sababu haikuwa inajulikana imetoka wapi. Sasa tunajua ni nani, na alikuwa anataka nini. Ni kama tu ile kiraka yenu. Nimegombana nao kidogo, lakini wamekubali."

Kadi ya Kanali haikuwepo. Palikuwa na kadi mpya, na binti yangu akaanza kuisoma kwa sauti, akakwama katikati, ikabidi aanze tena. Kofia ya askari wa farasi, ngozi, shaba na singa. Ilikarabatiwa na Frank na Haji, Aston. Ilifukizwa udi na Rukia, Erdington, kwa ajili ya wageni wa Ijumaa.

Nendeni mkaione. Ukumbi ule umejaa majina ya majemadari na vita walivyoshinda, ukuta hadi ukuta. Jina la mwanamke ni hilo moja tu, na huyo, hata kuku, alikuwa akinisubiri mie nirudi nichinje.